Taji la Dume na Damu ya Wajukuu



Mada yangu ni madume mashuhuri na kile wanachokiacha baada ya kufa. Nitaanza mbali kidogo, kwa mbwa wa maonyesho. Ulaya na Marekani kuna desturi ya kuwashindanisha mbwa mbele ya waamuzi. Mwamuzi humpapasa mbwa mgongo, humfungua kinywa na kutazama meno, humwangalia anavyotembea, kisha hutoa hukumu. Mbwa akishinda mara za kutosha huitwa bingwa, na bingwa dume hutafutwa na kila mwenye jike. Mmoja wa mbwa hao ni Dachshund, mbwa wa Kijerumani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi, aliyekuzwa ili aingie mashimoni kumfuata mnyama anayefanana na nyegere wetu. Waingereza walimwundia chama mwaka 1881, Wajerumani mwaka 1888. Wafugaji wake wa Marekani hadi leo hulitaja jina la Favorite von Marienlust, dume wa miaka ya 1940 ambaye makumi ya watoto wake walipata ubingwa. Amekufa zamani, lakini ukifuatilia nasaba za mbwa hao nchini humo, kwa wengi wao utarudi kwake.

Jambo hilo linazaa maswali mawili. Dume akishavikwa taji, anawarithisha nini hasa wajukuu? Na je, ni busara jamii nzima ya wanyama itokane na baba mmoja?

Hoja yangu ni moja, na naiweka wazi mapema. Dume bora ni neema pale anapokuwa mmoja kati ya madume wengi. Akiachiwa awe baba wa wote, sifa zake na kasoro zake za siri husafiri pamoja, na wanaolipa ni wajukuu. Ushahidi wa hoja hii upo katika vitabu vya wafugaji wa mbwa na ng'ombe wa nchi za mbali. Upo pia hapa Kigoma, tena umeandikwa vizuri kuliko mahali pengi duniani.

Daftari la Gombe

Kaskazini mwa mji huu, kiasi cha kilomita 16, boti ikiambaa ufuko kutoka Kibirizi, iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Ni hifadhi ndogo. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35. Jane Goodall alishuka pale tarehe 14 Julai 1960, eneo likatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na sokwe wa kundi la Kasekela wamefuatwa na kuandikwa familia kwa familia tangu enzi hizo hadi leo.

Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, anajulikana dunia nzima, na anastahili. Lakini sisi wa Kigoma tuna wajibu wa kukumbuka jambo jingine. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walivamia Gombe usiku, wakawateka wanafunzi wanne. Watafiti wa kigeni wakaondolewa. Kazi haikusimama. Waliobaki na daftari mkononi ni watafiti wa Kitanzania, akina Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao. Waliamka alfajiri, wakapanda mabonde, wakaandika nani yuko na nani, nani amepigana, nani amezaa. Ninayowaeleza leo yamejengwa juu ya uaminifu wao.

Hata hivyo daftari lile lilikuwa na pengo kubwa. Mama wa sokwe hujulikana kwa macho, kwa kuwa mtoto hubebwa mgongoni na kunyonya kwa miaka. Baba hajulikani, maana jike akiwa kwenye joto hupandwa na madume wengi. Kwa miaka 30 na zaidi safu ya mama ilijazwa, safu ya baba ikabaki wazi. Miaka ya 1990 wataalamu walianza kupata vinasaba kutoka katika nywele zilizoachwa kwenye viota na katika kinyesi kilichookotwa msituni. Hakuna sokwe aliyekamatwa wala kuchomwa sindano. Polepole safu ya baba ikaanza kujaa, na hapo ndipo dume aitwaye Frodo alipoonekana kwa sura nyingine.

Frodo, mwana wa Fifi

Frodo alizaliwa mwaka 1976. Alikua akafikia uzito wa kilo 51, mwili mkubwa kwa sokwe wa Gombe. Alikuwa mwindaji hodari wa mbega wekundu. Mwaka 1997, kaka yake Freud alipodhoofishwa na ugonjwa wa ngozi, Frodo alitwaa uongozi wa kundi la Kasekela akaushika hadi mwaka 2002, maradhi yalipomwangusha naye. Alikufa mwaka 2013. Vipimo vya vinasaba vilimtambua kuwa baba wa watoto wanane. Kwa ng'ombe au mbwa idadi hiyo ni ndogo mno. Kwa sokwe, ambao jike hukaa miaka minne, mitano au zaidi kabla ya kuzaa tena, watoto wanane ni ukoo mkubwa.

Simtaji Frodo kwa kumsifu. Alikuwa mkali kuliko kawaida. Alitawala kwa vitisho na aliwahi kumshambulia Goodall mwenyewe. Mwaka 2002 alimuua mtoto mdogo wa binadamu ndani ya hifadhi, msiba ambao mkoa huu haujausahau na haupaswi kuusahau. Namtaja kwa sababu maisha yake yanatufundisha kitu cha kwanza kuhusu mabingwa: nguvu zinazompa dume taji na wema tunaoutamani kwa watoto wake ni mambo mawili, na kila moja linahitaji kipimo chake.

Kitu cha pili kinahusu upande wa mama. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika ukoo huu mkondo umepita kwa majike. Mama yake Frodo, Fifi, alizaa watoto tisa, na wanawe watatu, Freud, Frodo na Ferdinand, kila mmoja kwa wakati wake alikuwa kiongozi wa madume wa Kasekela. Kaka yake Fifi, Figan, alikuwa ameongoza miaka ya 1970. Bibi yake Frodo, Flo, alikuwa na sifa iliyovuka bahari. Alipokufa mwaka 1972 gazeti moja la London lilichapisha taazia yake. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 kutokana na daftari la Gombe ulionyesha kwamba watoto wa majike wenye hadhi huishi kwa wingi zaidi, na mabinti wao hupevuka mapema. Kwa hiyo mfugaji anayetafuta dume bora aanze kwa kumuuliza mwenye dume: mama yake ni nani, ametoa maziwa kiasi gani, amezaa mara ngapi, na ndama wake wangapi walikua?

Kwa nini Frodo hakuwa baba wa wote

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha mhadhara. Frodo alikuwa na kilo 51 na mama mwenye hadhi kuliko wote. Kwa nini hakuwazaa watoto wote wa Kasekela wa zama zake?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulichunguza baba wa watoto 34 wa Kasekela waliozaliwa katika kipindi cha miaka 22. Ulithibitisha kwamba cheo kina faida: madume wa juu huzaa zaidi. Lakini ulionyesha pia kwamba faida hiyo ina mpaka. Madume wa chini walipata watoto zaidi ya vile mtu angetarajia kwa kutazama vyeo vyao tu. Msitu una vizuizi vyake, nami nitavitaja vinne.

Kizuizi cha kwanza ni hila za wadogo. Dume asiyeweza kupambana humshawishi jike waondoke pamoja, wakakaa pembeni ya eneo la kundi siku kadhaa, pengine wiki, mbali na macho ya mkubwa. Mtoto akizaliwa, huenda akawa wa yule mdogo.

Kizuizi cha pili ni kwamba njia za kupanda juu ni nyingi. Kabla ya Freud na Frodo, kiongozi alikuwa Wilkie, mwenye kilo 37 tu. Hakuwa na mwili wa kutisha, basi alijenga urafiki: aliwachambua wenzake manyoya kwa muda mrefu, madume kwa majike, na utii akaupata. Taji la Gombe halikai kwa aina moja ya mwili wala aina moja ya tabia, hivyo damu inayopata nafasi nayo hubadilika.

Kizuizi cha tatu ni majike wenyewe. Kwa desturi ya sokwe, dume hubaki alikozaliwa, na jike akipevuka huhama kwenda kundi jingine. Kuhama huko humweka mbali na baba, kaka na binamu zake. Hata kwa wanaobaki, utafiti wa mwaka 2017 kuhusu sokwe wa Kasekela ulionyesha kwamba wanaozaa pamoja huwa wanatofautiana kivinasaba kuliko ambavyo ingetokea kwa bahati tu.

Kizuizi cha nne ni muda. Frodo alitawala takriban miaka mitano. Maradhi na uzee humwondoa kila mfalme wa msituni, na anayemfuata huleta damu nyingine.

Vizuizi hivi vinne ndivyo vilivyowafikisha sokwe hapa walipo. Hakuna aliyewaandikia sheria wala kuwaundia chama.

Kizuizi kinapovunjika

Mwaka 1996 Fifi alizaa mtoto aliyeitwa Fred. Vinasaba vilipopimwa, baba yake alikuwa Frodo, mwana wa Fifi mwenyewe. Fred alikufa akiwa bado mchanga, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa ngozi. Ni lazima tuwe waadilifu: kifo cha mtoto mmoja katika mlipuko wa ugonjwa hakithibitishi kwamba kosa lilikuwa la damu. Lakini hesabu yake inajulikana. Mtoto hupokea nusu ya jeni kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Mama na mwanawe wakizaa, robo ya jeni za mtoto, kwa wastani, huwa ni nakala ileile iliyompata kutoka pande mbili. Hesabu ni hiyohiyo kwa baba na binti, na kwa kaka na dada wa baba na mama mmoja. Kwa ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali ni asilimia 12.5, na kwa watoto wa ndugu ni asilimia 6.25.

Kwa nini hilo ni hatari? Kila mnyama, hata awe mzuri kiasi gani, hubeba jeni chache zenye hitilafu. Jeni hizo hazina madhara zikiwa nakala moja, kwa sababu nakala nzima iliyo pembeni yake hufanya kazi kwa niaba ya zote mbili. Wazazi wote wawili wakibeba hitilafu ileile, mtoto mmoja kati ya wanne, kwa wastani, huzaliwa na nakala mbili mbovu, na wawili huzaliwa wabebaji, wazima kwa kuwatazama. Ndugu wa damu moja ndio wenye uwezekano mkubwa wa kubeba hitilafu ileile.

Basi kwa nini majike kama Fifi hawahami wakipevuka, kama desturi inavyotaka? Gombe takriban nusu ya majike hubaki walikozaliwa. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba hakuna mahali pengi pa kwenda. Magharibi ni ziwa. Pande nyingine ni mashamba na vijiji: Mwamgongo kaskazini, Mtanga kusini, na vilima vya mashariki ambavyo kufikia miaka ya 1990 vilikuwa vimebaki vipara. Sokwe wote wa hifadhi ni takriban mia moja. Msitu ukishafungwa pande zote, kizuizi cha kuhama hulegea, na damu huanza kuzunguka palepale.

Mbwa wa Kongo waliopelekwa Ulaya

Kama Gombe inaonyesha msitu wenye vizuizi, mbwa wa maonyesho anaonyesha hali ambayo binadamu ameviondoa vyote. Mfano wa karibu nasi ni Basenji, mbwa mdogo wa kuwinda wa Kongo, mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama mbwa wengine. Kwa vizazi vingi aliishi na wawindaji wa misitu ya ng'ambo ya ziwa hili na kaskazini yake hadi Sudan Kusini, akichaguliwa kwa pua, mbio na uwezo wa kuishi bila daktari.

Wazungu walijaribu kumhamisha mara kadhaa bila mafanikio. Waliopelekwa Uingereza mwaka 1895 walikufa kwa homa ya mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alitoka Sudan na mbwa sita, nao walikufa. Mwaka 1936 Olivia Burn alifaulu, na katika maonyesho ya Crufts ya 1937 watu walisongamana kuwatazama Bongo na Bokoto, mbwa wake kutoka Kongo. Wengine wachache waliongezeka miaka iliyofuata, wakiwemo Kindu na Kasenyi waliofika Marekani mwaka 1941. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alikwenda hadi kusini mwa Sudan, akarudi na jike mwekundu aitwaye Fula. Fula hakushindanishwa ulingoni. Hata hivyo damu yake imeenea karibu katika kila Basenji aliyesajiliwa duniani. Taji hakulipata, na bado alirithisha zaidi ya mabingwa wengi.

Angalieni sasa kilichofuata. Jamii nzima ilitokana na mbwa wachache sana, na katika hao wachache walizalishwa zaidi mabingwa. Miaka ya 1960 na 1970 ikagundulika kwamba wengi wanabeba jeni ya upungufu wa damu unaoua mbwa wangali vijana. Wafugaji walifanya lililoonekana sahihi: walipima, na kila mbebaji wakamwondoa asizae tena. Ugonjwa ule ulipungua mno. Lakini kwa kuwaondoa wabebaji wote kwa mkupuo, jamii iliyokuwa finyu ilifinywa zaidi, na waliobaki wakategemewa kupita kiasi. Ndipo ulipojitokeza ugonjwa mwingine, wa figo, uitwao Fanconi. Figo hushindwa kurudisha mwilini sukari, madini na virutubisho vingine, vyote vikatoka na mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukata kiu na kukonda mpaka afe asipotibiwa.

Ubaya wa Fanconi ni kwamba dalili zake huchelewa. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa miaka minne au zaidi. Kufikia hapo dume bingwa ameshashinda, ameshatafutwa na watu, na watoto wake wametawanyika. Mwamuzi wa ulingoni angeuonaje ugonjwa ambao bado haujaanza?

Dawa ya tatizo ilitoka pande mbili. Kwanza, chama cha usajili cha Marekani kilifungua kitabu cha nasaba mwaka 1990, kikapokea mbwa 14 waliokuwa wameletwa kutoka kaskazini mashariki mwa Kongo mwaka 1987 na 1988. Mbwa wa kijijini, wasio na cheti wala kombe, waliitwa kuja kuokoa mbwa wa mabingwa. Pili, mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha vinasaba cha Fanconi, na mwaka 2011 kikatoa kilicho sahihi zaidi. Safari hii wafugaji walikuwa wamejifunza. Mbebaji mwenye sifa nzuri hatupwi. Hupandishwa kwa asiye mbebaji, ili asizaliwe mtoto wa kuugua, na sifa nyingine za ukoo zisipotee.

Wafugaji wa Dachshund nao wana somo kama hilo. Uingereza, Dachshund wadogo wenye manyoya magumu walikutwa na Lafora, ugonjwa wa degedege unaojitokeza mbwa akishakomaa. Chama chao kilihimiza upimaji kabla ya kupandisha, na ndani ya miaka michache watoto wanaozaliwa wakiwa hatarini wakapungua sana. Hili halikuhitaji muujiza. Lilihitaji wafugaji wakubali kuandika na kupima, kisha waambiane ukweli.

Fahali aitwaye Chief

Wapo watakaosema mbwa ni starehe za matajiri. Basi tuzungumze ng'ombe.

Mwaka 1962 alizaliwa Marekani fahali wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti wake walitoa maziwa mengi ajabu, na uhimilishaji ulikuwa umeshaenea, hivyo mbegu yake ikagawanywa kwa mirija. Alipata mabinti 16,000, wajukuu wa kike 500,000 na vitukuu zaidi ya milioni 2. Katika hali ya kawaida mchango wa babu hupungua kwa nusu kila kizazi: nusu kwa mtoto, robo kwa mjukuu, sehemu moja ya nane kwa kitukuu. Lakini babu mmoja akiingia katika nasaba kwa milango mingi, nusu zile hujumlishana. Jeni za Chief zimekuja kuwa takriban asilimia 14 ya jeni za Holstein wote wa Marekani.

Chief alikuwa fahali mzuri kweli, na faida ya maziwa iliyopatikana kwa damu yake ni kubwa mno. Lakini alibeba hitilafu katika jeni moja. Kijusi chenye nakala mbili za hitilafu hiyo hufia tumboni. Kwa miongo kadhaa wafugaji waliona ng'ombe wakitupa mimba bila kujua sababu. Mwaka 2011 dalili ya kwanza ilionekana katika takwimu za vinasaba, na mwaka 2016 watafiti wakatangaza hitilafu yenyewe, wakikadiria kwamba ilikuwa imesababisha mimba zaidi ya 500,000 kuharibika duniani, hasara ya dola milioni 420 hivi. Leo fahali wa uhimilishaji hupimwa, na wabebaji hawapandishwi kwa wabebaji.

Ndugu wafugaji, Holstein ndiye tunayemwita Friziani. Mbegu za fahali hutufikia kwa mirija, nyingine zikizalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha, nyingine zikinunuliwa nje. Uhimilishaji ni kazi njema, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Huleta fahali bora kwa mtu asiyeweza kumnunua, na huzuia magonjwa ya kupandana. Lakini unaondoa vile vizuizi vya Gombe. Chief hakuhitaji kupigana, hakuugua akapinduliwa, hakuna mdogo aliyemwibia jike, na kufa kwake hakukumzuia kuendelea kuzaa. Chombo cha namna hiyo kinahitaji nahodha makini. Jamii ya mifugo iliyoegemea fahali mmoja ni kama mtumbwi ambao abiria wote wameketi upande mmoja: ziwa likiwa shwari utafika, upepo ukivuma utapinduka.

Tufanye nini

Wengi wetu hapa hatununui mirija. Tuna ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, ng'ombe wa asili wa wenzetu walioingia Uvinza, mbuzi, na mbwa wa kulinda nyumba. Kosa linalotendeka zaidi vijijini kwetu ni kumweka fahali mmoja zizini miaka sita au saba kwa sababu ni mpole na ana umbo zuri. Mtamba anaweza kupandwa akiwa na umri wa miaka miwili hivi. Kwa hiyo kuanzia mwaka wa tatu fahali huyo anawapanda mabinti zake, na anayemrithi zizini ni mwanawe. Mwenye ng'ombe huona ndama wanadumaa, mitamba inachelewa kushika mimba, vifo vinaongezeka, akalaumu malisho au jicho la jirani.

Basi nawaomba mambo manne.

La kwanza, wekeni daftari. Daftari la shule linatosha. Andikeni mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, kilichomuua aliyekufa. Watafiti wa Gombe waliandika kwa mkono kwa miaka mingi kabla ya vinasaba kupimwa, na vipimo vilipokuja, maandishi yao ndiyo yaliyovipa maana.

La pili, badilisheni fahali na beberu kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Yule mzuri msimchinje. Badilishaneni na mfugaji wa kijiji cha mbali. Madume vijana msiotaka wazae wahasiwe mapema, ili wasipande dada zao malishoni. Mnaotumia uhimilishaji, mwombeni mtaalamu jina na namba ya fahali, mviandike, na mara nyingine mchague mwingine.

La tatu, msidharau damu ya asili. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia ulionyesha kwamba wana utajiri mkubwa wa tofauti za vinasaba. Utajiri huo ndio uliokwenda kutafutwa Kongo mbwa wa mabingwa walipokwama. Ankole wetu na mbuzi wetu wanao wao. Boresheni kwa kuchanganya kwa mpango, na kila wilaya ibaki na mifugo ya asili ya kutosha.

La nne ni kwa serikali za vijiji vinavyoizunguka Gombe. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE umefanya kazi nanyi kupanda miti na kupanga matumizi ya ardhi, na misitu ya vijiji imeanza kurudi kwenye vilima. Ilindeni njia ya kwenda msitu wa Kwitanga na ile ya kaskazini kuelekea Burundi. Jike mmoja kijana akipita salama kutoka kundi moja hadi jingine, amefanya kazi ambayo hakuna daktari wa mifugo anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Ndugu zangu, taji hutolewa siku moja na mwamuzi mmoja. Thamani ya dume hujulikana baada ya vizazi vitatu, kwa wajukuu wazima, wenye kuzaa, waliotoka kwa babu wengi. Kila mwenye zizi hapa ana uwezo wa kuwapa wajukuu hao nafasi. Ukirudi nyumbani leo, kabla hujalala, andika jina la fahali wako na mwaka alioingia zizini. Kama ametimiza miaka mitatu, kesho anza kumtafutia mwenzake wa kubadilishana naye.